Picha Imepona, Sauti Imepotea

Katika filamu ya upelelezi ya Akira Kurosawa ya mwaka 1963, Tengoku to Jigoku, polisi wanamsaka mteka watoto ambaye sura yake hawaijui. Walichonacho ni sauti yake, iliyorekodiwa alipopiga simu kudai fedha. Wanamsikilizisha mfanyakazi wa reli, naye, nyuma ya maneno ya mhalifu, anautambua mlio wa treni ndogo ya Enoshima. Msako wote unageukia huko. Nakala iliyochakaa na kujaa mvumo humnyima mtazamaji ushahidi huo. Na fundi wa ukarabati akizidisha usafi, programu yake ikafuta kila kelele isiyo neno, ataufuta ushahidi uleule kwa mkono wake. Filamu kongwe zikifufuliwa kwa ajili ya runinga za nyumbani, watu husifu weusi uliokolea na mikwaruzo iliyotoweka. Ni sifa ya haki, lakini ni ya macho tu. Kipimo kizito zaidi ni sauti, na uwezekano wa kuiokoa huamuliwa pale filamu inapotengenezwa na kuhifadhiwa, miaka mingi kabla haijafika mezani kwa mkarabati.

Ushahidi wa hilo tunao jirani, hapa Tanzania. Kingolwira, nje kidogo ya mji wa Morogoro, iko kwenye reli ya kati ipitayo Kilosa. Mpango wa mashamba ya wakulima wa huko ulipigwa filamu mwaka 1936 na mradi ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment, uliofanya kazi kati ya 1935 na 1937 kwa fedha za shirika la Carnegie la Marekani. Makao yake yalikuwa Vugiri, katika milima ya Usambara; Meja L. A. Notcutt alisimamia upigaji picha na G. C. Latham upande wa elimu. Filamu kama 35 zilitengenezwa. Zilizobaki, zikihifadhiwa Uingereza, ni tatu: ile ya Kingolwira, moja ya mafunzo ya utabibu wa mifugo na moja ya minyoo ya safura. Nazo zimebaki bubu.

Ububu huo umetokana na ufundi uliochaguliwa. Notcutt alitumia mkanda mwembamba wa milimita 16, mwepisi na wa bei nafuu, na maelezo akayaweka kwenye santuri. Lori lilibeba mashine ya kuonyeshea, jenereta na santuri zenyewe kutoka kijiji hadi kijiji. Kwa ufundi wa namna hiyo, sindano huwekwa kwenye alama ya mwanzo, mkanda nao huwekwa kwenye fremu yake ya kwanza, kisha vyote viwili huanza pamoja. Mkanda ukikatika na kuunganishwa upya, fremu chache zikitupwa, picha hutangulia na maneno huja nyuma yake hadi mwisho. Katika nakala za kawaida za sinema za mkanda, sauti ilichapwa pembeni mwa picha, kwenye mkanda uleule: anayehifadhi kimoja amehifadhi vyote viwili. Santuri huhitaji mtu wa pili wa kuikumbuka.

Wapo watakaomtetea Notcutt, na wana hoja. Maelezo yalihitajika kwa Kiswahili, Kisukuma, Kikikuyu, Kijaluo, Kiganda na lugha nyingine. Kuchapa nakala nzima ya filamu kwa kila lugha kungemaliza bajeti, ilhali santuri hubadilishwa kwa dakika moja. Kwa safari, uamuzi ulikuwa wa akili. Kutenganisha sauti na picha wakati wa kazi si kosa hata kidogo. Studio hufanya hivyo. Lakini kosa ni kuvitenganisha katika hifadhi, picha ikatunzwa na sauti ikaachwa ijitunze.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi: hizi zilikuwa filamu za wakoloni za kumfundisha Mwafrika namna ya kuishi, basi kwa nini tuzililie? Nazililia kwa sababu hiyohiyo. Amri, sifa na vitisho huwa katika maelezo. Ondoa maneno, na inabaki picha tulivu ya watu na mashamba, isiyomshtaki yeyote. Mwanahistoria anayetaka kujua mkulima aliambiwa nini, kwa Kiswahili cha namna gani, amenyang'anywa shahidi mkuu. Picha peke yake inawapendelea walioitengeneza.

Hatari hiyo haijaisha. Kanda za VHS zilizotafsiriwa kwa Kiswahili na watu kama Lufufu, ambaye sauti yake iliingizwa juu ya sauti ya filamu za kigeni, zina kisa kinyume: humo sauti mbili zimeganda pamoja na hazitenganishwi kirahisi. Filamu ya kigeni yenyewe itakarabatiwa na kampuni yake huko ilikotoka, iwe ya Hong Kong au Marekani. Kiswahili kilichowekwa juu yake hakuna atakayekikarabati isipokuwa sisi, na utepe wa VHS hupoteza sumaku yake na kuota ukungu. Mwenye kanda hizo Kilosa, Mikumi au kwingineko, azihamishie kwenye kompyuta sasa, aandike jina la filamu na la mtafsiri, na nakala ya kwanza aiache kama ilivyo, pamoja na mvumo wake, kabla ya kumwachia fundi yeyote aisafishe.