Bangili Inayojua Hesabu

Mfumaji wa sweta la shule hashindwi na uzi wala sindano. Kinachomshinda ni hesabu. Mkono wa sweta huongezwa kitanzi kila upande, tuseme kila baada ya mistari sita, na mkono wa pili sharti uufuate wa kwanza mstari kwa mstari. Mteja akibisha hodi, idadi imepotea. Ataanza upya kuhesabu kwa ukucha, na uzi wa bluu iliyokoza hauhesabiki usiku.

Fundi wa shanga ana dawa ya kuvaa: bangili ya nyuzi mbili, kila uzi shanga tisa. Uzi mmoja ni wa mamoja, wa pili ni wa makumi. Ukimaliza mstari, unasukuma ushanga mmoja. Mstari wa kumi ukiisha, unasukuma ushanga mmoja wa makumi na kuzirudisha zile tisa za mamoja mwanzo. Hivyo unafika 99, idadi ya shanga za tasbihi ndefu, na mwenye kuvuta tasbihi anajua jinsi vidole vinavyoweza kuhesabu mdomo ukiwa na kazi nyingine.

Ufundi wenyewe umo ndani ya tundu. Ushanga uliotungwa kwa uzi mmoja hushuka mara mkono unapoinuka, na bangili ikasema uongo. Kwa hiyo fundi huingiza ncha mbili za uzi katika tundu moja, moja kutoka kulia na nyingine kutoka kushoto, zikapishana humo. Msuguano ndio unaoushika ushanga. Ukibana mno, hausogei kwa kidole kimoja, na vidole vingine vimeshika sindano. Ndiyo maana fundi hujaribu tundu na uzi kabla ya kufikiria rangi, na huutupa ushanga wa kioo wenye tundu kali, kwa kuwa hukata uzi polepole.

Uangalifu huohuo umo katika vialama vya shanga, vya kumwonyesha mfumaji mahali katika kazi yake. Kialama cha kufuma kwa sindano mbili ni pete iliyofungwa: hukaa kwenye sindano katikati ya vitanzi, kikahamishwa kila mstari. Cha kroshia hutiwa ndani ya kitanzi chenyewe. Kikiwa pete iliyofungwa, kitafumiwa humo na hakitoki mpaka kazi ifumuliwe. Kwa hiyo cha kroshia hufungwa kwa kulabu ya hereni, inayofunguka. Vyote viwili huwa vyepesi, maana ushanga mzito hurefusha kitanzi, na ncha za waya hupigwa tupa mpaka zisinase hata unyuzi wa sufu.

Ukienda kununua bangili ya namna hii, rangi iache nyuma. Sukuma ushanga mmoja, tikisa mkono kwa nguvu, kisha tazama. Ukiukuta pale ulipouacha, mlipe fundi bei yake bila kumwomba apunguze.