Farasi Wameondoka, Ua Umebaki

Sisi wasomaji wa riwaya za Kiingereza tunamfahamu saisi. Anatokea mstari mmoja, anashika hatamu, bwana anashuka, basi, hatumwoni tena. Ukitaka kujua alilala wapi, riwaya haikusaidii sana. Kasome jengo.

Na usifikirie kibanda cha mbao. Pale Chatsworth, Derbyshire, mbunifu James Paine alijenga katika miaka ya 1760 banda la mawe la farasi 80, lenye tao la kuingilia na ua katikati. Farasi alikuwa fahari ya mwenye jumba, kwa hiyo makao yake nayo yalijengwa kwa fahari. Katika mabanda mengi ya aina hii, farasi walikaa chini, na juu yao, kwenye dari, zikawekwa nyasi kavu na vijana waliowatunza. Yaani cheo cha kila mmoja kilijengwa kabisa ukutani.

Magari ya petroli yakaja, mabanda yakabaki matupu. Karne ya 20 mamia ya majumba yenyewe yakabomolewa, hadi mwaka 1974 makumbusho ya Victoria and Albert ya London yakaandaa maonyesho kuhusu uharibifu huo. Yaliyobaki yafanyiwe nini? Chatsworth waliweka mgahawa na duka ndani ya banda. Msanifu Kit Martin alishika njia nyingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 alichukua Gunton Hall, Norfolk, jumba lililoungua mwaka 1882, akaligawa pamoja na majengo yake ya nje yakawa nyumba za watu kuishi. Alipendelea kugawa kwa wima, kila nyumba ipate chini na juu, na bustani zibaki za wote.

Kwangu mimi, hapo ndipo penye uzito. Ukigawa banda la farasi kwa wima, unavunja ule mpangilio wa zamani. Sebule inakaa aliposimama farasi, chumba cha kulala kinakaa alipolala saisi, na ngazi moja inaunganisha vyote. Familia moja inaishi katika sakafu ambazo zamani zilitenganisha mnyama wa thamani na mtu wa mshahara mdogo.

Kwa hiyo nikitazama nyumba ndogo za namna hii, naangalia mambo matatu. Ua umeachwa mzima, au kila mtu amejizungushia uzio wake? Milango mipana ya magari ya farasi imebaki mipana, hata kama sasa ina vioo, au imezibwa kwa matofali na kuachiwa kamlango? Na la tatu, ambalo wengi wanalisahau: kuna alama yoyote ya saisi?

Maana mara nyingi kinachong'arishwa ni saa ya mnarani na pete za chuma za kufungia farasi. Ile ngazi nyembamba ya kupandia darini inang'olewa kwanza, eti inakula nafasi. Naelewa, watu wanataka bafu. Lakini ngazi ile ikiondoka, jengo nalo linakuwa kama zile riwaya: farasi tunamkumbuka, aliyemlisha hayupo. Mkarabati mzuri angeiacha, hata kama leo haitumiki kwa lolote ila kuwekea viatu.