Ziara ya Biryogo: injini huzimwa wapi, chai hunywewa lini

Mtalii anayekodi pikipiki ya magurudumu manne katika mashamba ya mizabibu ya Sardinia au Santorini huuziwa vitu viwili kwa tiketi moja: kuendesha chombo kwenye njia za vumbi, kisha kuonja mvinyo. Vitu hivyo haviivi chungu kimoja. Nyingi za pikipiki hizo hazina difrensha nyuma, kwa hiyo magurudumu mawili ya nyuma huzunguka kwa kasi moja hata kwenye kona. Dereva asipoegemea upande wa ndani, chombo hugoma kukata kona, au huinua gurudumu na kumwaga mtu. Gesi nayo hukaa kwenye kidole gumba. Mgeni akishtuka na kubana usukani, hubana na gesi humo humo. Mpe huyo glasi mbili za mvinyo, kisha mwambie ashuke mteremko wa changarawe.

Ndiyo maana waongozaji makini wa huko huweka meza ya kuonja mwishoni, funguo zikisharudishwa. Sheria ya Italia haimruhusu dereva kuzidisha gramu 0.5 za kileo kwa lita moja ya damu, na jua la mchana halimsaidii. Ziara nzima hujengwa kwa kuogopa kitu kilekile inachokitangaza.

Nimeanza mbali ili nionyeshe jinsi Biryogo, mtaa mdogo wa Wilaya ya Nyarugenge jijini Kigali, ulivyoukwepa mtego huo. Ziara ya Biryogo ina injini na ina kinywaji, lakini injini huachwa nje ya mtaa, na kinywaji ni chai. Wala hilo halikubuniwa na kampuni ya utalii. Lilitokana na historia ya mtaa, na uamuzi mmoja wa Jiji la Kigali.

Historia kwanza. Msikiti wa Al-Fatah, wa kwanza nchini Rwanda, ulijengwa mwaka 1913, miaka sita tu baada ya Mjerumani Richard Kandt kuanzisha Kigali. Chini ya Wabelgiji, Waislamu na wafanyabiashara waliozungumza Kiswahili walitengewa Biryogo, ikaitwa kambi ya Waswahili. Shule nyingi zilikuwa za misheni, na kwa familia za Kiislamu mlango huo ulikuwa mwembamba. Watu wakashika biashara, ufundi na udereva. Rwanda ilipokifanya Kiswahili lugha rasmi mwaka 2017, Biryogo haikuhitaji darasa.

Uamuzi wenyewe ulikuja wakati wa korona. Mwaka 2021 jiji lilifunga barabara za ndani za Biryogo kwa magari, ili migahawa iliyobanwa na masharti ya kutosongamana itoe meza nje. Lami ikapakwa rangi: njano, buluu, nyekundu, kijani. Miavuli ikasimama pale magari yalipokuwa yakigombania nafasi ya kuegesha. Korona ikapita, meza zikabaki. Mtaa wa madereva ndio ukawa mtaa usio na magari, na sijasikia mtu mwenye mgahawa akilalamika.

Sasa njia yenyewe. Mpangilio ninaousifu huanzia juu. Wageni hupandishwa Mlima Kigali, unaopita meta 1,800 kutoka usawa wa bahari, kisha hushuka kupitia mtaa jirani wa Nyamirambo. Huko juu kuna msitu wa kupandwa, kuna shamba la farasi la Fazenda Sengha, na kuna mahali pa kusimama ukauona mji ulivyotandazwa juu ya vilima vyake. Baada ya hapo kazi kubwa ni ya mteremko. Anayeanzia chini humpandisha mgeni kwa miguu saa ya jua kali, na akifika Nyamirambo hasikii lolote ila mapigo ya moyo wake. Waendesha baiskeli wa Mashindano ya Dunia ya Septemba 2025, ya kwanza kufanyika Afrika, wanalijua hilo kuliko sisi. Mbio za wanaume zilikuwa za kilomita 267.5, zilipita Mlima Kigali, na zilipanda mara moja barabara ya mawe ya Kwa Mutwe, iliyosimama kama ukuta. Walioanza walizidi 160, waliomaliza ni 30.

Kupanda hufanywa kwa moto, kama pikipiki ya abiria inavyoitwa Kigali. Hapa ndipo tofauti na Sardinia inapokuwa kubwa: mgeni haendeshi. Kila mmoja hukaa nyuma ya dereva wake, kwa kuwa sheria ni abiria mmoja kwa pikipiki, na kofia ngumu ni lazima kwa wote wawili. Ustadi wa mgeni hauingii katika hesabu, na maelezo ya kabla ya safari huwa mafupi: shika chuma cha nyuma, usiinamie upande wa pili dereva anapolala kwenye kona, ukishuka pita upande wa kushoto maana ekzosi iko kulia na huunguza shavu la mguu. Hilo la mwisho wengi husahau kulitaja.

Tatizo la msafara ni taa za barabarani. Pikipiki sita huanza pamoja, taa nyekundu ya kwanza huzigawa tatu na tatu. Muongozaji mgeni wa kazi hujaribu kuzishika kwa simu, akipiga huku anaendeshwa. Mzoefu hajali zikigawanyika: huwapa madereva vituo vya kukutania, kila kimoja mbele ya kitu kisichopotea kama msikiti au kituo cha mafuta, na hukaa wa mwisho badala ya wa kwanza. Aliye mbele haoni aliyeachwa nyuma.

Pikipiki za umeme nazo zimebadilisha kitu ambacho hakimo kwenye matangazo yake. Tangu Januari 2025, pikipiki mpya zinazosajiliwa kubeba abiria Kigali ni lazima ziwe za umeme. Betri hubadilishwa kituoni kwa dakika chache, hivyo mlima si kikwazo mradi uanze na betri iliyojaa. Faida kwa ziara ni ukimya. Pikipiki mbili zikienda sambamba polepole, muongozaji anaweza kueleza jambo na mgeni akalisikia bila kupigiwa kelele.

Kisha injini zinazimwa. Kosa ninaloliona kwa baadhi ya waandaaji ni kutaka kuingia na pikipiki hadi mlango wa mgahawa, kana kwamba hatua mia mbili zingemvunja mtu. Mgeni aliyepelekwa hadi kitini haoni chochote cha katikati: cherehani ya fundi barazani, mama anayegeuza chapati kwa ncha za vidole, vijana wanaobishana mpira kwa Kiswahili kilichochanganywa na Kinyarwanda, sentensi moja lugha mbili.

Chai ndiyo kituo kikuu, na inastahili muda. Agiza chai ya kijani yenye nanaa na tangawizi. Glasi huletwa imejaa majani hadi nusu, tangawizi imepondwa, haikukatwa, na sukari huja pembeni au humo humo kulingana na anayehudumu. Ni moto kiasi kwamba huwezi kuishika glasi kwa kiganja. Unaishika ukingoni kwa vidole viwili, na unalazimika kungoja. Hizo dakika za kungoja ndizo muongozaji hodari huzitumia kusimulia habari za kambi ya Waswahili, wakati wasikilizaji wameketi na hawana pa kwenda. Pombe haipo, kwa hiyo akiinuka mtu kupanda moto kurudi hotelini, kichwa chake ni kilekile alichokuja nacho.

Shamba la mizabibu, hata hivyo, halikutazami. Mtaa unakutazama. Hapo ndipo ziara nyingi za Biryogo hupwaya: kamera hutangulia salamu. Mfano bora uko jirani, Nyamirambo Women's Center, kilichoanzishwa na wanawake 18 wa Nyamirambo mwaka 2007, ambacho ziara zake za miguu huongozwa na wakazi wenyewe. Anayeongoza huamkia watu kwa majina, na mgeni huingia mahali akiwa ametambulishwa. Mwenye kampuni ya mjini akimkodi kijana asiyeujua mtaa, hata awe na Kiingereza cha redio, atakuwa anatembeza watu mbele ya milango iliyofungwa.

Ratiba ina vizuizi vyake. Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni umuganda, yaani kazi ya pamoja ya jamii; asubuhi hakuna safari. Baadhi ya Jumapili asubuhi barabara kuu hufungwa kwa ajili ya mazoezi. Ijumaa adhuhuri watu wako msikitini, na mgeni atakuta viti vitupu akidhani mtaa umekufa. Mwezi wa Ramadhani mchana hakuna la kuonja, ila baada ya magharibi Biryogo huwa haina kifani. Machi hadi Mei mvua hugeuza barabara za mawe kuwa utelezi, na dereva mwenye busara hukataa njia za mkato.

Kama unapanga safari yako mwenyewe, panda mlimani saa tisa alasiri, fika Biryogo kabla ya jua kuzama, na umlipe muongozaji anayekaa mtaani humo.