Istilahi za Undugu katika Filamu ya Kijapani "Tokyo Monogatari"

Mfasiri au mwalimu anapotakiwa kueleza kwa Kiswahili filamu ya kigeni inayohusu wazazi na watoto wao, neno analolishika upesi ni "mgogoro". Husema kwamba hadithi inahusu "mgogoro wa familia", na hapo kazi ya kueleza huhesabiwa kuwa imekwisha. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba istilahi hiyo, ikitumiwa bila kupimwa, yaweza kuificha kazi ya sanaa badala ya kuifunua. Mfano wetu ni "Tokyo Monogatari", yaani Hadithi ya Tokyo, iliyoongozwa na Yasujiro Ozu mwaka 1953, naye ndiye aliyeiandika pamoja na Kogo Noda.

Kisa chenyewe si kirefu. Wazee wawili, Shukichi Hirayama na mkewe Tomi, wanatoka mji wa bandari wa Onomichi, magharibi mwa Japani, kwenda Tokyo kuwaona watoto wao. Koichi, mwana mkubwa, ni daktari. Shige, binti yao, ana saluni ya nywele. Wote wawili wameshikwa na kazi. Wazazi wanapelekwa Atami, kwenye chemchemi za maji moto, ambako kelele za wageni wengine zinawanyima usingizi. Wanaporudi mapema wanakuta hapana nafasi ya kulala. Anayewapokea kwa moyo ni Noriko, mjane wa mwana wao wa pili aliyepotea vitani. Tomi anaugua njiani wakati wa kurudi, na muda mfupi baadaye anafariki dunia huko Onomichi.

Sasa tujiulize: mgogoro uko wapi? Katika Kiswahili mgogoro huhitaji pande mbili zinazovutana. Twasema mgogoro wa mpaka, mgogoro wa shamba, mgogoro kati ya wafanyakazi na mwajiri. Katika dakika 136 za filamu hii, wazee hawavutani na mtoto wao hata mmoja. Shige hunung'unika, wazee hunyamaza, hutabasamu, na kufunga mizigo yao. Mtazamaji aliyeahidiwa mgogoro atakaa akingoja ugomvi, na usipotokea atasema kuwa filamu haina kitu. Kamba ya undugu hapa haikukatwa na mtu; imelegea siku hata siku, na wanaoishika hawakujua. Kwa maoni yetu, "kulegea kwa undugu" ni maelezo yaliyo karibu zaidi na jambo lenyewe.

Kulegea huko kunaonekana waziwazi katika tukio dogo ambalo ni rahisi kulipita. Mteja mmoja saluni anawaona wazee wale na kumwuliza Shige ni akina nani. Shige anajibu kwamba ni watu anaofahamiana nao, wametoka shamba. Hapana anayepaza sauti wala anayelia, lakini mtoto amewavua wazazi wake jina lao mbele ya mgeni. Mfasiri hana budi kulipima jibu hilo kwa uangalifu. Akiandika "jamaa zangu", ameuharibu mchezo wote, kwa kuwa "jamaa" bado lina undugu ndani yake. Akiandika "marafiki", ameongeza upendo ambao haupo. Kadhalika, "wametoka mkoani" ni habari tu, ambapo "wametoka shamba" lina dharau kidogo, na dharau hiyo ndiyo inayotakiwa hapa.

Neno la pili linalohitaji kupimwa ni "familia". Kwa kawaida humaanisha baba, mama na watoto. Lakini sheria ya Japani ya mwaka 1898 ilitambua kitu kipana zaidi kiitwacho "ie", chenye mkuu wake, ambaye kwa kawaida alirithiwa na mwana mkubwa. Mfumo huo uliondolewa katika sheria mpya iliyoanza kutumika mwaka 1948, miaka mitano tu kabla ya filamu hii. Kwa hiyo Koichi ni mwana mkubwa ambaye cheo chake cha kale kimefutwa, na wazazi wamefunga safari kwenda kwa mtu ambaye sheria haimtambui tena kuwa ndiye nguzo. Neno "ie" lina maana ya nyumba, na Kiswahili nacho hutumia "nyumba" na "mlango" kwa maana ya tawi la ukoo. Twapendekeza basi kwamba, panapohusika desturi hiyo, iandikwe "nyumba ya Hirayama", na "familia" iachiwe wale wanaoishi pamoja na kula pamoja.

Neno la tatu linamhusu Noriko. Kijapani humwita baba wa mume kwa maneno yenye maana ya "baba wa wajibu". Watoto wa damu wameuona wajibu kuwa mzigo, na aliyebeba neno la wajibu ndiye anayeomba ruhusa kazini ili awatembeze wazee mjini. Kiswahili kina "mkazamwana" kwa mke wa mwana, na "mkwe" ambalo pande zote mbili huitana. Tunashauri "mkazamwana" litumike katika maelezo, kwa kuwa linataja nafasi yake, na katika mazungumzo Noriko aseme "baba" na "mama", kama asemavyo katika Kijapani na kama wasemavyo wakwe wa kwetu. Hata hivyo, Ozu hakumfanya malaika. Mwishoni Noriko mwenyewe anakataa sifa, akikiri kuwa zipo siku ambazo hamkumbuki marehemu mumewe. Shige naye, aliyewahi kuomba nguo za marehemu mara baada ya mazishi, ndiye yuleyule aliyelia kwa uchungu alipoambiwa kuwa mama hatafika asubuhi. Mfasiri asichague maneno yatakayomfanya mmoja kuwa mwovu na mwingine mtakatifu.

Limebaki suala la mwendo. Filamu hii husemwa kuwa ni ya "polepole". Ni kweli kwamba kamera imewekwa chini, karibu na kimo cha mtu aliyeketi mkekani, na ni nadra kusogea. Lakini safari ambayo Tomi anaugulia hatuioni. Tunaisikia katika mazungumzo ya mwanawe Keizo kazini kwake Osaka. Saa ya kufa kwake pia inarukwa. Filamu inayoruka mambo makubwa namna hiyo haiwezi kuitwa ya polepole tu. Neno lifaalo ni "taratibu", ambalo asili yake ni mpango, kila kitu na mahali pake.

Huenda mtumishi wa serikali akauliza haya yanamhusu nini. Na afikirie fomu ambazo mzazi mzee huweza kuandikwa "mtegemezi" pamoja na yeyote mwingine anayelishwa na mwajiriwa. Neno hilo lina kazi yake katika hesabu, lakini likizoewa hadi nje ya ofisi, laweza kufanya kazi ileile iliyofanywa na jibu la Shige. Twashauri kwamba fomu zenye nafasi hiyo ziongezwe nafasi ya kutaja uhusiano wenyewe: baba, mama, mkwe, mkazamwana. Walimu nao wangefanya vyema kuwaonyesha wanafunzi filamu hii, wakiwataka waandike kila jina ambalo wazee wale wanaitwa, na nani anayewaita hivyo.