Barua za Msanii kwa Ndugu Yake

Msomaji wangu kijana, huenda umekwisha kusoma Kusadikika, kitabu cha Shaaban Robert kilichotoka mwaka 1951. Humo mwandishi yumo katika vazi lake la sikukuu: maneno yamepimwa, mafunzo yamepangwa, na watu huitwa kwa majina ya tabia zao, kama Karama na Majivuno. Lakini ukitaka kumwona akiwa na nguo za nyumbani, yakupasa kutafuta kitabu kingine, Barua za Shaaban Robert 1931–1958, kilichohaririwa na M. M. Mulokozi na kutolewa Dar es Salaam mwaka 2002. Barua hizo alimwandikia nduguye, Yusuf Ulenge.

Pengine utauliza: barua za nyumbani zina fasihi gani? Swali hilo ni la haki. Amwandikiaye nduguye hatungi kwa ajili ya ulimwengu, na anayezisoma akitafuta mafumbo ya Kusadikika atarudi mikono mitupu. Walakini zina jambo ambalo halipatikani hata katika Maisha Yangu, ingawa humo mwandishi anajieleza mwenyewe. Kitabu hicho alikiandika akijua kwamba kitasomwa na wengi. Barua alimwandikia mtu mmoja aliyemjua, asiyeweza kudanganywa kwa maneno mazuri. Ndipo twaona jinsi karani wa serikali ya kikoloni, mwenye jamaa wa kutunza na saa za kazi, alivyoshika kalamu mwaka baada ya mwaka.

Jambo hili si la kwetu tu. Mchoraji Vincent van Gogh wa Uholanzi alimwandikia nduguye Theo barua zaidi ya 600 zilizosalia, za rangi, za fedha na za upweke. Vincent alifariki mwaka 1890, na Theo miezi sita baadaye. Mjane wa Theo, Johanna, alizitunza barua zile, akazipanga, akazitoa kitabuni mwaka 1914. Za Theo kwa Vincent zilizobaki ni chache mno. Kwa hiyo twasikia sauti ya mmoja kwa wingi, na ya mwenziwe kwa uchache. Msomaji mwema hukumbuka sauti ile iliyopungua, wala hafanyi haraka kuhukumu ugomvi wa ndugu kwa maneno ya upande mmoja.

Basi barua ina mikono miwili: mkono uandikao na mkono uhifadhio. Shaaban Robert alifariki mwaka 1962. Miaka 40 ikapita kabla ya barua zake kuwa kitabu. Kama karatasi zile zingaliwashia moto jikoni, tungalibaki na vitabu vyake, lakini tungalimpoteza ndugu aliyeviandika.

Nakuambia haya wewe wa Kisii na Nyamira kwa sababu. Wachongaji wa mawe ya sabuni wa Tabaka wamesambaza kazi zao duniani, na wapigaji wa obokano, chombo chenye nyuzi nane, wamechezesha watu arusini tangu zamani. Kazi twaiona na ngoma twaisikia. Lakini mchongaji alimwambia nini nduguye siku jiwe lilipopasuka mkononi? Mpigaji alimfundisha mwanawe kwa maneno gani? Mengi ya hayo yalisemwa kwa mdomo, na wenye kuyasema wamezeeka. Na siku hizi hata ndugu walio mbali huzungumza kwa simu, nayo simu ikipotea, maneno hupotea pamoja nayo.

Likizo ijayo, ukiwa na babu achongaye au shangazi aimbaye, mwandikie barua, umwulize juu ya kazi yake. Asiyejua kuandika, mwandikie jibu lake wewe mwenyewe, kama alivyolisema, kisha umsomee alisahihishe. Tia tarehe juu ya karatasi, uiweke mahali pasipofika mvua wala mchwa.