Ngozi ya Maji Yachorwayo kwa Kompyuta

Maji yachorwayo kwa kompyuta mara nyingi ni chembe tupu, kila moja na mwendo wake. Hayana uso mpaka yavikwe ngozi. Ngozi hiyo ni wavu wa pembetatu, na njia mashuhuri ya kuufuma ilitolewa na William Lorensen na Harvey Cline mwaka 1987, kwa ajili ya picha za matibabu. Wavu huo hulaumiwa bure, kwani hufuata tu umbo uliopewa. Kasoro hutangulia: kila chembe ikihesabiwa kuwa tufe, uso wa maji hufanya vinundu kama ushanga, navyo vikisawazishwa mno, ncha za wimbi hupotea.

Jihun Yu na Greg Turk, mwaka 2010, walitazama mbali zaidi. Waliyanyosha matufe yakawa mfano wa yai, yakalala kwa kufuata chembe jirani. Uso ukawa laini, na ukingo wa wimbi ukabaki mwembamba.

Jambo hili si dogo. Nuru hupindwa na kurudishwa pale usoni. Basi ngozi ikiharibika, hesabu ya mwendo hata iwe bora namna gani, mtazamaji ataona nta, wala hataona maji.