Gunia na Lumbesa: Waandishi Wetu Wawili wa Ughaibuni

Hapa Tukuyu hakuna asiyejua tofauti ya gunia na lumbesa. Gunia limejazwa, likashonwa. Lumbesa imeongezwa kilemba juu, viazi vimepandana mpaka kamba inalia, na anayeumia ni mkulima, maana bei ni ileile ya gunia moja. Tofauti hiyo itatusaidia katika makala haya kuwapima waandishi wawili waliokulia Tanzania na kuandikia ng'ambo: M. G. Vassanji wa Kanada na Godfrey Mwakikagile, kijana wa Rungwe.

Vassanji alizaliwa Nairobi mwaka 1950, akakulia Dar es Salaam. Alisomea fizikia Marekani hadi shahada ya uzamivu, kisha mwaka 1978 akahamia Kanada. Riwaya yake ya kwanza, The Gunny Sack, ilitoka mwaka 1989. Mwaka 1994 alikuwa mwandishi wa kwanza kabisa kupewa Tuzo ya Giller, na mwaka 2003 akaipata tena. Wakanada wanamwita wao. Je, sisi tumwite nani?

Tuanze na fani. Katika The Gunny Sack, Salim Juma yuko ugenini na amerithi gunia kutoka kwa bibi wa ukoo, Ji Bai. Kila kitu kinachotoka ndani yake kinafungua kisa: Mhindi Dhanji Govindji anafika pwani, anafanya biashara, anazaa, anakufa. Huu ndio ufundi wa Vassanji. Hatupi historia kwa mhadhara. Anatupa kitu mkononi, halafu kitu kile kinasema. Msomaji anaona wakoloni wakipita, Uhuru ukija na Azimio la Arusha likitangazwa, lakini anayaona yote kupitia dukani na sebuleni.

Kwa upande wa maudhui, hata hivyo, gunia hili lina tundu. Dhanji alizaa mtoto, Huseni, na Taratibu, mwanamke mtumwa wa Kiafrika. Baadaye akaoa mke wa jamii yake, na Taratibu akawekwa kando. Huseni anapotoweka, baba anatumia hata fedha za jamaa zake kumtafuta, hadi anauawa. Riwaya nzima imesimama juu ya tumbo la mama huyu, lakini yeye mwenyewe anasema nini? Kidogo mno. Nadhani Vassanji aliliona deni hilo, kwani katika The Magic of Saida (2012) amemfanya mhusika mkuu, daktari Kamal Punja, kuwa mtoto wa mama Mwafrika, na kumrudisha Kilwa kutoka Kanada.

Sasa tuje nyumbani. Mwakikagile alizaliwa Kigoma mwaka 1949, akasoma Kyimbila na Mpuguso hapa wilayani, kisha Songea na Tambaza. Alikuwa mwandishi wa habari Dar es Salaam kabla ya kwenda Marekani mwaka 1972, na mwaka 1975 alihitimu Chuo Kikuu cha Wayne State, Detroit. Ameandika vitabu vingi, hasa juu ya siasa za Afrika na juu ya Mwalimu Nyerere. Kinachotuhusu hapa ni Life in Tanganyika in the Fifties.

Jamani, kuona jina la Kyimbila kitabuni si jambo dogo! Kwa miaka mingi Rungwe imeandikwa na wageni. Monica Wilson na mumewe Godfrey walikaa kwa Wanyakyusa miaka ya 1930, na mwaka 1951 Monica akatoa Good Company, kitabu juu ya vijiji vya marika, yaani vijana kujijengea kijiji chao wenyewe. Kazi nzuri, lakini ni macho ya mgeni. Kwa hiyo mtoto wa Mpuguso anaposhika kalamu, tunategemea sauti ya ndani.

Lakini tunapata nini? Jina kamili la kitabu linatangaza lenyewe kwamba ndani yake mna tafakuri za mwandishi pamoja na masimulizi ya walowezi wa kizungu na wengine. Hapo ndipo kilemba kinapoongezwa. Masimulizi hayo yana thamani kwa mwanahistoria, sikatai. Lakini mlowezi alikuwa na barua, magazeti na vitabu vya kumsemea. Mzee aliyechuma chai alikuwa na nani? Mwakikagile ni mtunza kumbukumbu hodari kuliko Vassanji, ila hachagui. Vassanji anachagua, lakini ameuacha mlango wa Taratibu umefungwa. Kwa vipimo hivi, gunia limeshinda lumbesa kwa fani, na yote mawili yana deni kwa maudhui.

Linabaki suala la lugha. Wote wawili wameandika kwa Kiingereza. Mtaniambia kwamba ughaibuni huwezi kula kwa Kiswahili. Sawa bwana, lakini Shaaban Robert aliandika maisha yake kwa Kiswahili, na mwaka 2013 Adam Shafi katika Mbali na Nyumbani amesimulia safari zake za ujana kwa lugha hiyohiyo, na hakuna kilichopungua. Kitabu kinachomtaja mzee wa Kyimbila, naye hawezi kukisoma, kinamfanya mgeni katika habari zake mwenyewe.

Kwa hiyo tusiwalaumu waliokwenda. Umbali haukumharibu Vassanji. Pengine ndio uliomfundisha kuchambua gunia. Lawama inatuhusu sisi tuliobaki na mlima Rungwe dirishani, tunaojua Kiswahili na Kinyakyusa, na ambao mpaka leo tunangoja Toronto ituambie sisi ni nani. Wazee waliokuwa vijana miaka ya 1950 wanazidi kupungua. Ndugu msomaji, likizo hii nenda na daftari.